Jinsi ya kutoka kwenye akaunti zako: kompyuta ya steshenari, simu ya kuazima na simu unayoiuza

Wanaokuja kuchapa na kujaza fomu kwenye steshenari yetu hapa Chake Chake huniuliza maswali yale yale. Facebook yangu niliifungua kwenye kompyuta yenu, bado imo? Simu nimempa mdogo wangu, anaziona meseji zangu? Nikitoka, picha zangu zitafutika? Nimeyakusanya majibu hapa ili uyafuate simu ikiwa mkononi, uwe Wete, Mkoani, Mwanakwerekwe au Nungwi.

Jambo moja lieleweke mwanzo, maana ndilo linalowaponza wengi. Kuifunga programu si kutoka. Kubonyeza alama ya X juu ya brauza, kuzima kompyuta, kuiweka simu mfukoni, hata kuifuta programu yenyewe, yote hayo ni kurudishia mlango bila kutia komeo. Facebook au Instagram inaendelea kukuhesabu kuwa umo ndani, na atakayefungua baada yako anaweza kukuta kila kitu wazi.

Na la pili, kwa wenye khofu: kutoka Facebook au Instagram hakufuti chochote kilicho kwenye akaunti. Picha, marafiki, meseji na makundi vinabaki kwenye akaunti, ukirudi unavikuta. Kinachofuta ni kile kitufe cha kufuta akaunti, nacho kiko mahali pengine kabisa. Usikiguse.

Unachohitaji kabla hujaanza

- Laini yenye namba uliyosajilia akaunti, nayo iwe inapokea meseji.
- Barua pepe iliyoandikwa kwenye akaunti, na uhakika kwamba unaweza kuifungua leo.
- Neno la siri la sasa, si lile la zamani ulilokwishabadilisha.
- Bando. Halihitajiki kubwa, lakini liwepo.
- Nafasi ya kukaa mahali pamoja bila haraka. Usianze kazi hii ukiwa ndani ya daladala.

Kwenye laini ndipo watu wanapokwama. Kuna wengi waliohamia Muscat au Dubai na laini ya nyumbani wameiacha Pemba kwa mama, iko ndani ya simu ya tochi. Namba za uthibitisho zinakwenda kwenye laini ile ile. Ukiwa hivyo, mpigie simu mama kwanza, hakikisha simu ina chaji na mtu wa kukusomea yupo, kisha uanze. Wengine akaunti waliifungua kwa namba ambayo hawaitumii tena. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika hufungwa, na namba inaweza kupewa mtu mwingine. Kama ndivyo ilivyo kwako, badilisha namba kwenye akaunti sasa hivi, wakati bado umo ndani. Ukishatoka utakuwa umechelewa. Namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako unaweza kuziangalia kwa kupiga *106#.

Kuhusu majina ya vitufe: simu nyingi za hapa zimeachwa kwenye Kiingereza, kwa hiyo nimeyaandika kama utakavyoyaona kwenye skrini. Vitufe huhamishwa mara kwa mara programu ikibadilishwa toleo. Usipokiona kitu pale niliposema, kitafute karibu na hapo, au andika jina lake kwenye kisanduku cha kutafutia kilicho juu ya mipangilio.

Hatua ya kwanza kwa wote: jaribu kama unaweza kurudi

1. Chukua simu nyingine unayoiamini, au kompyuta, na ufungue dirisha la siri la brauza. Kwenye Chrome na Edge bonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja. Kwenye Firefox ni Ctrl, Shift na P. Kwenye simu bonyeza vidoti vitatu vya Chrome, utaliona neno Incognito.

2. Ingia kwenye akaunti yako kwa kuandika namba au barua pepe na neno la siri kwa mkono. Ikikubali, umejihakikishia. Toka, funga dirisha, endelea na hatua nyingine. Ikikataa, usitoke popote. Rudi kwenye simu ambayo bado umo na urekebishe neno la siri, namba na barua pepe kwanza.

Nasisitiza hapa kwa sababu nimeona watu wakilia mbele yangu. Mtu ana Facebook ya miaka mingi, picha za harusi yake zimo, za marehemu baba yake zimo, naye hajaandika neno la siri tangu siku aliyoifungua. Anabonyeza kutoka kwa nia njema, halafu hana njia ya kurudi. Wewe usifike huko.

Kompyuta ya steshenari, ya skuli au ya ofisini

3. Kabla hujaingia, fungua dirisha la siri kama nilivyoeleza kwenye hatua ya 1. Hii ndiyo njia bora kuliko zote kwa kompyuta ya watu, maana ukifunga madirisha yote ya siri, kompyuta inasahau kwamba uliingia. Muulize mwenye duka, hatokasirika. Mimi nikiulizwa huwa nafurahi.

4. Brauza ikikuuliza kama ihifadhi neno la siri, chagua Never. Watu wengi hubonyeza Save kwa haraka, kwa kuwa ndicho kitufe chenye rangi. Ukikibonyeza kwenye kompyuta ya watu, neno lako la siri linabaki pale hata ukitoka vizuri, na anayefuata anaingia bila kuandika chochote.

5. Ukimaliza, toka kwa kitufe chenyewe. Facebook kwenye kompyuta: bonyeza picha yako ndogo pembeni juu kulia, kisha Log out. Instagram: bonyeza mistari mitatu chini kushoto, utaona Log out. Gmail: bonyeza picha yako juu kulia, kisha Sign out.

6. Baada ya kutoka, tazama ukurasa unaobaki. Picha yako ikiwa bado inaonekana na jina lako chini yake, bonyeza alama iliyo kwenye picha hiyo na uiondoe. Kisha ufungue ukurasa upya. Ukurasa ukiuliza neno la siri, umetoka. Ukifunguka moja kwa moja, bado umo.

7. Angalia folda ya Downloads. Hili halimo kwenye akaunti lakini linakwenda pamoja nayo. Mtu anafungua WhatsApp au barua pepe kwenye kompyuta yetu, anashusha picha ya ZanID, cheti cha kuzaliwa na matokeo ya Kidato cha Nne, anachapa, analipa, anaondoka. Nyaraka zote zimebaki, na jina lake liko juu ya faili. Zifute, kisha uingie kwenye Recycle Bin na uzifute na huko pia.

Kuna jambo la hapa kwetu ambalo maelekezo ya kwenye simu hayalitaji: umeme. Umeme ukikatika katikati ya kazi, kompyuta isiyo na betri inazima pale pale. Mteja anasubiri kidogo, anachoka, anakwenda zake. Umeme ukirudi, brauza inauliza kama ifungue kurasa zilizokuwepo. Bonyeza moja tu, na Messenger ya yule bwana iko mbele yako, mazungumzo yake na mkewe yamekaa wazi, na mteja mwengine ameshavuta kiti. Sisi tunaifunga na kumpigia simu mwenyewe kama tunamjua. Lakini si kila duka lina mtu wa kukufanyia hivyo. Umeme ukikatika ukiwa umo ndani ya akaunti, usiondoke ukasahau. Nenda moja kwa moja kwenye hatua ya 12 kwa simu yako, ujitoe kwa mbali.

WhatsApp kwenye kompyuta

WhatsApp ina utaratibu wake, na kwa wanaofanya kazi za hoteli kule Nungwi, Paje na Mji Mkongwe ndiyo inayoleta fitina zaidi. Kompyuta ya mapokezi ni moja, wanaipokezana zamu tatu, na kila mmoja ameunganisha WhatsApp yake ili atume orodha ya wageni. Wa zamu ya usiku anaona meseji za wa asubuhi.

8. Kwenye simu yako fungua WhatsApp. Kama ni Android, bonyeza vidoti vitatu juu kulia. Kama ni iPhone, fungua Settings. Kisha chagua Linked devices.

9. Itakuja orodha ya vifaa vilivyounganishwa na namba yako. Vinaweza kuwa hadi vinne, mbali na simu yenyewe. Kila kimoja kina jina la brauza au kompyuta, na mara ya mwisho kilipotumika.

10. Bonyeza usichokitaka, kisha Log out. Rudia kwa vingine. Usichokitambua kiondoe bila kusita. Kikiwa ni chako utakiunganisha tena kwa kuipiga picha ile alama ya mraba.

Usitegemee kwamba kitajitoa chenyewe. Ni kweli kwamba simu yako isipotumika zaidi ya siku 14 vifaa vilivyounganishwa hujitoa, lakini nani anayekaa siku 14 bila kufungua WhatsApp?

Orodha hii iangalie hata kama hujawahi kuunganisha kompyuta yoyote. Kuna mtu huazima simu yako dakika moja, "niangalie kitu tu", akaunganisha WhatsApp yako na kifaa chake. Tangu hapo anasoma kila unachoandika, na simu yako iko mkononi mwako. Dada zangu wengi wamegundua kwa njia hii nani alikuwa akitoa siri za nyumba. Ukikuta kifaa usichokijua, kitoe, kisha weka kufuli kwenye simu yako, wala usimwambie mtu namba yake.

Facebook, Instagram na Messenger kwenye simu

11. Kwa simu uliyonayo mkononi: Facebook, bonyeza mistari mitatu au picha yako ndogo, shuka hadi mwisho kabisa wa ukurasa, utaona Log out. Facebook Lite ni hivyo hivyo. Instagram, nenda kwenye ukurasa wako, mistari mitatu juu kulia, shuka hadi mwisho. Ikikuuliza kama ihifadhi taarifa za kuingia, na simu si yako, kataa. Messenger ni programu ya peke yake, kwa hiyo usidhani kwamba umetoka humo kwa kuwa umetoka Facebook. Ifungue uhakikishe.

12. Kwa kifaa ambacho hunacho tena, jitoe kwa mbali. Hii ndiyo hatua yenye thamani kuliko zote kwenye mwongozo huu, nami ningependa kila mtu aijue hata akizisahau nyingine. Fungua Facebook au Instagram kwenye simu yako, ingia kwenye Settings, tafuta Accounts Center, halafu Password and security, halafu Where you're logged in. Chagua akaunti.

13. Utaona orodha: aina ya simu au kompyuta, mji, na wakati. Kilichoandikwa kuwa ndicho unachotumia sasa kiache. Bonyeza Select devices to log out, weka alama kwenye vile usivyovitaka, kisha Log out.

14. Rudia kwa akaunti nyingine. Facebook na Instagram ni za kampuni moja, Meta, na kama umeziunganisha zitaonekana hapo pamoja, lakini kila moja ina orodha yake. Ukisafisha Facebook hujasafisha Instagram.

Usishtuke ukiona Dar es Salaam nawe hujavuka bahari. Mji huo ni wa kukadiria, unatokana na njia ya mtandao wa kampuni ya simu na si mahali simu ilipolala. Mtu wa Konde anaweza kuandikiwa Dar es Salaam wakati hajatoka nyumbani. Angalia zaidi aina ya kifaa na saa. Wewe una Tecno, na orodha inaonyesha iPhone iliyotumika jana saa nane usiku ulipokuwa umelala: hapo ndipo pa kushtuka.

15. Ukishavitoa vifaa hivyo, badilisha neno la siri pale pale kwenye Password and security. Ikikuuliza kama vifaa vingine vitolewe, kubali. Mtu anayelijua neno lako ukimtoa bila kulibadilisha, anarudi baada ya dakika mbili.

TikTok, Telegram na YouTube

16. TikTok: ukurasa wako, mistari mitatu, Settings and privacy, na mwisho wa orodha ni Log out. Vifaa vingine viko ndani ya Security & permissions, kisha Manage devices. Onyo moja kwa mnaotengeneza video: zile ulizozihifadhi bila kuzichapisha zinakaa ndani ya simu. Ukiifuta programu zinapotea na haziwezi kurudi. Zihifadhi kwenye galari kwanza.

17. Telegram: Settings, Devices, kisha Terminate all other sessions. Ukiwa umeingia muda huo huo kwenye simu mpya, itakataa kuvitoa vifaa vya zamani mpaka zipite saa 24. Ni ulinzi, ili mwizi akiingia asikutoe wewe mwenyewe. Pia mazungumzo ya siri ya Telegram hupotea ukitoka kwenye simu yenyewe, kwa hiyo kilicho muhimu kinakili.

18. YouTube na Gmail: kwenye Android hakuna kitufe cha kutoka peke yake, unaiondoa akaunti ya Google kwenye simu. Kwa mbali, fungua myaccount.google.com, Security, halafu Your devices. Humo utaziona hata televisheni. Ukilala hotelini na kufungua YouTube yako kwenye televisheni ya chumbani, hapa ndipo pa kuitoa ukisahau, hata ukiwa umeshapanda boti.

Kabla ya kuuza simu au kumpa mtu

Simu za mkono wa pili zinazunguka sana baina yetu. Ya kaka anapewa mdogo wake, ya mdogo inauzwa Darajani, na kutoka Darajani inavuka tena kuja Pemba. Kutoka kwenye Facebook peke yake hakutoshi.

19. Hifadhi nakala za picha na mazungumzo ya WhatsApp. WhatsApp: Settings, Chats, Chat backup. Hakikisha imemaliza, usiikatishe njiani bando likiisha.

20. Sajili WhatsApp kwenye simu mpya kwa namba ile ile. Simu ya zamani itajitoa yenyewe, maana namba moja haikai kwenye simu kuu mbili. Usibonyeze Delete my account ukidhani ndiyo njia ya kuihama simu. Kitufe hicho kinakutoa kwenye makundi yote na kufuta historia yako.

21. Toka kwenye akaunti moja moja kwa hatua za juu, kisha ondoa akaunti ya Google kwenye simu, ndani ya Settings, sehemu ya Accounts. Kwa iPhone, bonyeza jina lako juu ya Settings, shuka chini, Sign Out, na uzime Find My.

22. Mwisho ndipo urudishe simu upya, Factory data reset au Erase all data. Utaratibu ni huu: akaunti kwanza, kufuta baadaye. Ukianza na kufuta bila kuondoa akaunti, aliyeinunua anaweza kuombwa neno lako la siri la Google au Apple, na atakupigia simu kila siku mpaka umrudishie pesa yake.

23. Toa laini na kadi ya kumbukumbu. Kadi haifutiki simu ikirudishwa upya kama hukuchagua hivyo, na ndimo picha nyingi zinamokaa.

Makosa ninayoyaona sana

Kumwachia fundi simu ikiwa wazi. Anabadilisha kioo, anahitaji namba ya kufuli ili aijaribu. Jaribuni pamoja mbele yako, kisha uondoke nayo. Ikibidi ilale kwake, jitoe kwenye akaunti kabla ya kumpa, na ukiichukua angalia orodha ya hatua ya 9 na ya 13.

Kumsomea mtu namba za uthibitisho kwa simu. Anajifanya ni wa kampuni, au ni rafiki aliyekosea akatuma kwako. Hakuna mfanyakazi wa kweli anayezihitaji namba zile. Ukizitoa, yeye ndiye atakayeingia na wewe ndiye utakayetolewa. Kwa WhatsApp weka kinga ya pili: Settings, Account, Two-step verification, chagua namba sita zako na uandike barua pepe. Usiiache barua pepe tupu. Ukizisahau namba hizo bila kuwa na barua pepe, utangoja siku 7.

Kutumia neno moja la siri kila mahali. Aliyelipata la Instagram atajaribu na la barua pepe, na akiipata barua pepe amepata vyote.

Ikikwama

*Namba za uthibitisho haziji.* Usibonyeze tena na tena. Ukiomba mara nyingi unafungiwa kwa muda, na kila ombi jipya huua namba zilizotangulia. Subiri kidogo, angalia kama laini ina mtandao na kama kisanduku cha meseji hakikujaa, kisha omba mara moja tu. WhatsApp inaweza pia kukupigia simu badala ya kutuma meseji.

*Nimekitoa kifaa, kesho kimerudi.* Mtu analijua neno lako la siri au ameshika barua pepe yako. Anza na barua pepe: badilisha neno lake la siri, toa vifaa vyake, angalia kama namba ya kurejeshea ni yako. Kisha ufanye Facebook na Instagram. Ukianza upande wa pili atakuwa anarudi kupitia barua pepe.

*Nina akaunti mbili ndani ya Instagram moja, ikanitoa moja tu.* Ndivyo inavyofanya ukichagua kutoka kwenye akaunti uliyomo. Shuka tena chini, utaona kitufe cha kutoka kwenye zote.

*Nimetoka, lakini bado napokea taarifa za Messenger kwenye simu ile.* Messenger haijatoka. Rudi hatua ya 12, itafute kwenye orodha.

*Kitufe cha Where you're logged in hakifunguki kwenye Facebook Lite.* Fungua facebook.com kwa brauza ya simu, au utumie programu kamili kwenye simu ya mtu unayemwamini, kisha utoke.

*Simu imeibiwa na sina kifaa kingine.* Azima simu ya ndugu, fungua dirisha la siri, ingia google.com/android/find kwa akaunti yako. Simu ikiwa imewashwa na ina mtandao unaweza kuifunga au kuifuta. Kwa iPhone ni icloud.com/find. Wakati huo huo mtu mwengine aende na wewe kwenye duka la kampuni ya simu, na kitambulisho, laini irudishwe. Laini ikirudi, sajili WhatsApp kwenye simu yoyote na aliyeiba atatoka papo hapo. Halafu hatua ya 12 hadi ya 15.

*Mtu ameingia kwenye akaunti yangu na anaandika kwa jina langu.* Kabla hujamtoa, piga picha ya skrini: ile orodha ya vifaa, meseji alizotuma, tarehe na saa. Ukishamtoa, mstari wake hautaonekana tena kwenye orodha. Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, nayo inatumika Bara na Zanzibar. Zipeleke picha hizo polisi pamoja na kitambulisho chako, na uwaambie ndugu na marafiki kwa simu ya kawaida kwamba meseji za kuomba pesa si zako.